Barua ya wazi: Tunaomba ufunguo wa bomba la bustani ya watoto

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati ya Shule,
Kwa Mwalimu Mkuu,
Na kwa ofisi ya elimu inayoisimamia shule yetu.

YAH: KUFUNGWA KWA BUSTANI NA KIPINDI CHA JIONI CHA WATOTO WA SHULE YA MSINGI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi wa watoto wawili wanaosoma shuleni hapa. Kwa miaka mitatu nimekuwa mlezi wa kujitolea wa bustani ya watoto, kile kipindi kinachoanza baada ya kengele ya mwisho, mara mbili kwa wiki. Nimekwisha kuwaandikia barua tatu. Ya kwanza niliileta kwa mkono wangu mwenyewe. Ya pili iliambatana na saini za wazazi wenzangu. Ya tatu iligongwa muhuri wa kupokelewa, na tangu siku hiyo sijasikia neno. Siandiki hadharani ili nimwaibishe mtu yeyote, na ndiyo maana sitaji shule wala jina. Naandika kwa sababu miche iliyokuwa kitaluni imekauka, watoto wananisimamisha njiani kuniuliza tutarudi lini, nami sina la kuwajibu.

Kwa wasiojua kilichotokea: muhula uliopita bomba la uani lilitiwa kufuli. Wiki mbili baadaye likabandikwa tangazo kwamba kipindi cha jioni kitakuwa cha watakaolipia, na kwamba wenye alama chini ya wastani hawatakwenda bustanini bali watabaki darasani kufanya mazoezi ya mtihani. Kisha matuta mawili ya upande wa geti yakasawazishwa ili magari yapate pa kuegeshwa. Na katika matuta manne yaliyobaki, watoto wakaanza kupelekwa kulima kwa adhabu.

Haya ndiyo yanayotusikitisha.

1. Ada imewatoa wale wale ambao kipindi kilianzishwa kwa ajili yao.

Wengi wa watoto hawa wakitoka darasani hawana mahali penye mtu mzima pa kwenda. Mama yuko kazini mpaka giza liingie, au yuko nyumbani peke yake na kichanga. Mtoto wa mwenye uwezo, saa hizo hizo, yuko kwenye mafunzo ya muziki, ya kuogelea, ya kompyuta; amelipiwa, na anaporudi shuleni kesho yake anakuja na kitu ambacho mwenzake hana. Pengo hilo halitokani na akili. Linatokana na saa mbili za kila siku ambazo mmoja anafundishwa na mwingine anakaa kizingitini akisubiri mlango ufunguliwe.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unamtambulia mtoto haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki utamaduni na sanaa. Haki hiyo ni ya kila mtoto, mkataba haukuweka sharti la risiti. Tulianza na watoto ishirini na nane. Siku ya kwanza baada ya tangazo walikuja sita, na katika hao sita hakuna hata mmoja ambaye angekosa mahali pengine pa kwenda.

2. Wenye alama za chini wameondolewa ili wakafanye mazoezi ya mtihani.

Hapa naomba mnivumilie niseme kwa kirefu, maana hapa ndipo tunapopishana zaidi.

Mwaka jana tulipanda mbegu 36 za maharage, mistari minne, kila mstari mbegu tisa. Siku ya nane mistari mitatu ilikuwa imetoboa udongo, shingo zimepinda kama ndoana, baadhi bado zimebeba ganda la mbegu kichwani. Mstari wa nne ulikuwa kimya. Binti mmoja wa darasa la nne, ambaye daftari lake la hesabu lilijaa kalamu nyekundu ukurasa kwa ukurasa, alichuchumaa akahesabu kwa kidole, akahesabu tena, kisha akainua uso: “Robo tatu zimeota.” Hakuna aliyekuwa amemuuliza swali la sehemu. Aliziona zimelala mbele yake, tatu juu na moja chini, akazitaja.

Mvulana aliyepanda mstari wa nne alianza kulia. Alidhani atagombezwa. Tukafukua taratibu kwa kijiti, wote tumeinama vichwa vikigusana, mpaka tukazikuta mbegu zake: zimelainika, zinanuka, zimeoza. Rula ikaletwa. Mistari iliyoota ilikuwa imefukiwa sentimita tatu. Wa kwake ulikuwa sentimita kumi na moja. Alitaka zikae salama, kwa hiyo aliuzamisha mkono mpaka kiganja kikaisha. Tukazungumza. Mbegu ina akiba ndogo ya chakula ndani yake, na akiba hiyo ndiyo inayoisukuma juu. Ukiifukia mno, akiba huisha kabla haijaona mwanga, au mbegu hukosa hewa ikaoza. Ndiyo maana wakulima huifukia kina cha mara mbili au tatu ya unene wake. Mvulana akapanda upya, safari hii akipima kila shimo kwa rula. Baada ya siku tisa aliotesha nane kati ya tisa, na jioni ile alinivuta mkono kabla sijatua hata ndoo.

Mvulana huyo mmemwondoa bustanini kwa sababu alama zake za sayansi ni za chini.

Waheshimiwa, ile ilikuwa sayansi. Alikuwa na dhana, akaijaribu, ikashindwa, akatafuta sababu, akabadilisha jambo moja, akajaribu tena. Mtoto anayeshindwa kwenye karatasi mara nyingi huwa amekwisha kuamini kwamba yeye ni wa kushindwa. Ukimwongezea karatasi nyingine jioni, unaipigilia msumari imani hiyo. Udongo haumpi jina. Unamwonyesha kosa lake na kumwachia nafasi ya kulirudia.

Naweza kuendelea. Tuling'oa shina moja la maharage ili watoto waone vinundu kwenye mizizi. Ukikipasua kwa ukucha, ndani kina rangi ya waridi, na hapo ndipo bakteria wanaponasa naitrojeni ya hewani na kumlisha mmea. Tuliweka kipimajoto katikati ya lundo la mboji, kikapanda kupita nyuzi 50, na watoto waliokuwa wakiita lundo lile takataka wakaanza kuniuliza nani amewasha moto ndani. Tuliandika tarehe, tukachora majani, tukabishana. Mtoto ambaye hakuwahi kuandika sentensi nzima aliandika mistari sita juu ya kiwavi.

Hili halikubuniwa na sisi. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeipa shule yake ya watoto wadogo jina la “bustani ya watoto” mwaka 1840, alimgawia kila mtoto kijituta chake mwenyewe, na kando yake akaweka matuta ya wote. Mtoto ajue lililo lake na lililo la pamoja. Nasi tulifanya hivyo hivyo: kila mtoto alikuwa na kipande chake cha nusu mita na kibao chenye jina lake. Vibao vile sasa vimerundikwa nyuma ya stoo. Naomba visichomwe.

3. Bustani imefanywa mahali pa adhabu.

Aliyechelewa, aliyepiga kelele, aliyekuja bila sare: anapewa jembe. Nilipita jioni moja nikamkuta mtoto wa darasa la pili anapalilia peke yake, jembe refu kumpita. Alikuwa ameng'oa magugu yote, na pamoja na magugu ameng'oa mstari mzima wa karoti changa. Hakuna aliyemwonyesha tofauti. Majani ya karoti ni membamba kama manyoya ya kifaranga; mtoto aliyefundishwa huyatambua kwa kuyagusa tu. Huyu hakuwa ametumwa kujifunza. Alitumwa ateseke kidogo, na alipoziona karoti mkononi mwake akajua amekosa mara ya pili.

Mwalimu Nyerere alipoieleza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, hakutaka watoto wawe vibarua wa shule. Alitaka wanafunzi washiriki kufanya maamuzi ya shamba lao na wajifunze kwa kutenda. Wengi wetu tuliosoma shule zenye mashamba tunajua jinsi wazo hilo lilivyoweza kupotoka, jembe likawa jina lingine la fimbo. Tumekua tukiona kulima ni kazi ya aliyekosea. Nawasihi msiwarithishe watoto hawa aibu hiyo.

4. Maji.

Tumeambiwa bomba limefungwa kwa sababu bustani inamaliza maji ya shule. Nilileta hesabu hii katika barua ya pili, nairudia. Bustani ya mboga huhitaji takribani lita 25 za maji kwa wiki kwa kila mita ya mraba, na mvua ikinyesha huhitaji chini ya hapo. Tulikuwa na matuta sita, kila moja mita moja kwa mbili, jumla mita 12 za mraba. Ni lita 300 kwa wiki, ndoo kumi na tano za lita ishirini. Tukitandaza nyasi kavu juu ya udongo, na tukimwagilia jioni badala ya jua kali, zinapungua. Watoto wa darasa la tano walifanya hesabu hii wenyewe ubaoni na wakapata jibu sahihi. Kama ndoo hizo bado ni nyingi, tupo tayari kukinga maji ya paa. Tunachohitaji ni ruhusa ya kuweka pipa chini ya mfereji.

5. Eneo la magari.

Matuta mawili yamezaa nafasi ya magari mawili. Tunaomba yaliyobaki yasiguswe.

Najua yatakayosemwa, kwa sababu mengine nimekwisha kuambiwa mlangoni.

Itasemwa hakuna fedha. Kwa miaka mitatu shule haikutoa chochote isipokuwa maji na mahali. Mbegu tulichangishana, zana tuliazima, mboji tuliitengeneza kwa majani yaliyokuwa yakichomwa. Hata hivyo sitaki kuficha kwamba jambo hili linahitaji fedha kidogo ili lidumu. Kinachoziua bustani nyingi za shule ni kumtegemea mtu mmoja anayejitolea. Mtu huyo akiugua au akihama, magugu yanachukua nafasi. Nasema hivi nikijijua kwamba mtu huyo ni mimi. Bustani inapaswa kuwa na mwalimu ambaye saa zake zinatambuliwa kama kazi.

Itasemwa si salama. Hofu hii naiheshimu. Udongo ulio karibu na kuta za zamani unaweza kuwa na madini ya risasi yaliyobanduka na rangi, na madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto. Ndiyo maana matuta yetu tuliyainua kwa mbao, tukajaza udongo tulioujua ulikotoka, na kuyaweka mbali na ukuta wa jengo. Kila mtoto alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kuondoka. Zana kali hazikushikwa bila mtu mzima. Kama kuna pengo tuliloliacha, tuonyesheni tulizibe.

Itasemwa likizo bustani hufa. Haifi ikipangwa. Figili huwa tayari kwa mwezi mmoja hivi, maharage mafupi kwa miezi miwili. Unahesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kufunga shule, unapanda kinachowahi. Kwa kilichobaki, familia zilipeana zamu.

Itasemwa wazazi hawataki watoto wao walime. Baadhi kweli hawakutaka, mwanzoni. Baba mmoja alikuja kumchukua mwanawe kwa hasira, akasema hakumleta shule aje kushika udongo. Mwanawe akamwonyesha daftari lenye mchoro wa mche, urefu wake siku kwa siku, na mstari wa grafu unaopanda. Baba alisimama pale muda mrefu. Saini yake ipo kwenye barua ya pili.

Na itasemwa, hili nimelisikia kwa watu wenye nia njema, kwamba eneo lile ni baya, limejaa vifusi, halifai kitu. Mwaka 1902 huko New York, Fannie Griscom Parsons alianzisha shamba la watoto katika kiwanja cha taka, mtaa wa familia maskini, nyingi za wahamiaji. Watoto wakagawiwa vijituta. Pale petu palikuwa na vifusi pia. Tulivitoa wenyewe, ndoo kwa ndoo, kwa wiki tano.

Kuna jambo moja ambalo sitalidai, ingawa wengine hulidai kwa niaba ya bustani kama hizi. Matuta sita hayailishi shule. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka kumi na kuendelea ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku; bustani yetu haiwezi kutoa hizo kwa watoto mia kadhaa, na nisingependa mtu awashawishi kwa hoja hiyo. Inachoweza ni kumfanya mtoto aonje. Mtoto mdogo huenda akahitaji kuonja mboga mpya mara kumi au zaidi kabla hajaikubali, na mzazi mwenye kipato kidogo hawezi kununua chakula kitakachokataliwa mara tisa. Bustanini kuonja hakumgharimu mama yeyote. Nimewaona wakitafuna figili, wakikunja nyuso kwa ukali wake, kisha wakinyoosha mkono kuomba nyingine.

Na nikiri upungufu wetu. Mwaka wa kwanza tuliwaweka watoto hadi jioni bila kitu cha kutia tumboni. Wengine walikuwa hawajala tangu asubuhi, na tulikuwa tukiwaita wavivu walipokaa kivulini. Hatukuuliza. Tulipouliza tuliona haya. Tangu hapo wazazi wenye uwezo huleta chakula kidogo cha kugawana kabla hatujashika jembe, na naomba kipindi kikirudi hilo liwe sehemu yake rasmi.

Basi tunachoomba ni hiki.

Kufuli ya bomba ifunguliwe wiki hii, ufunguo ukae kwa mwalimu mlezi na nakala moja kwangu. Ada ifutwe kwa mtoto yeyote ambaye mzazi wake hawezi, bila mtoto huyo kutajwa mbele ya wenzake. Sharti la alama liondolewe. Kama mazoezi ya mtihani ni ya lazima, yawekwe siku ambazo si za bustani, nasi tutakaa na walimu wa hesabu na sayansi kupanga jinsi kipimo, sehemu na grafu zitakavyofanyiwa kazi kwenye matuta. Adhabu ya kulima ikome, na walimu waelezwe kwa maandishi. Mwalimu mmoja apangiwe kipindi hiki katika saa zake za kazi. Na kabla hapajaguswa tuta jingine, muitishe mkutano wa wazazi, mtusikilize na mtoto mmoja au wawili wasimame waseme.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nikiitwa ofisini nitakuja saa yoyote, na nitakuja na daftari la bustani, lenye tarehe na vipimo vyote vya miaka mitatu, mlikague wenyewe.

Mbegu za maharage tulizozivuna mwaka jana zimo kwenye chupa kavu jikoni kwangu. Watoto walizichagua moja moja, zenye matobo wakazitenga. Zinatosha matuta manne.

Wenu katika malezi,

Mzazi na mlezi wa kujitolea wa bustani ya watoto

Nakala:
Wazazi na walezi wote wa shule
Walimu wa darasa la pili hadi la tano
Ubao wa matangazo, getini